Kliniki ya Kibofu kwa Wanawake Wenye Kisukari: Tathmini ya Mgonjwa

Huduma ninayoiandikia hapa ni kliniki ya kibofu cha mkojo kwa wanawake wenye kisukari, iliyo chini ya idara ya magonjwa ya njia ya mkojo katika hospitali ya rufaa, ambako wagonjwa hupelekwa na daktari wa kisukari au daktari wa wanawake pale dalili za mkojo zinaposhindwa kueleweka. Nimehudumiwa hapo kwa muda wa kutosha kuyaona mazuri yake na mapungufu yake, na jina lake naliacha kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza ni malalamiko. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji asilazimike kuitafuta: kliniki hii inastahili sifa kwa jambo moja kubwa, kwamba haimwandikii mwanamke dawa ya kibofu kabla ya kupima ni mkojo kiasi gani unaobaki ndani baada ya yeye kumaliza kukojoa.

Anayesoma haya bila kuwa na kisukari huenda akaliona jambo hilo dogo. Si dogo. Kisukari kinapokaa mwilini kwa miaka mingi bila kudhibitiwa vizuri, sukari iliyozidi huharibu neva pamoja na vimishipa vidogo vya damu vinavyozilisha, na neva za kibofu hazisazwi. Kibofu cha mtu mzima huhifadhi takriban mililita 400 hadi 600, na kwa kawaida mtu huanza kuhisi haja kikiwa na mililita kama 150 hadi 250. Neva zinazopeleka taarifa hiyo kwenye uti wa mgongo na ubongo zikichakaa, hisia ya kujaa huchelewa, kisha hufifia. Mwanamke hukaa saa nyingi bila kwenda msalani, tena pengine akijisifu kwamba ana kibofu chenye nguvu, kumbe ukuta wa kibofu hicho unavutwa siku baada ya siku mpaka unalegea. Baadaye hudhoofika pia zile neva zinazotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, kwenye pingili ya pili hadi ya nne ya sakramu, ambazo ndizo huuamuru msuli wa kibofu ujikaze, na hapo mkojo huanza kutoka kwa mtiririko hafifu, hukatikakatika, na sehemu yake hubaki ndani.

Hiyo ni hatua ya mwisho. Hatua ya mwanzo mara nyingi huwa kinyume chake kabisa. Sukari ya damu ikipita takriban miligramu 180 kwa desilita, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo humiminika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo, hivyo kibofu hupokea mkojo mwingi kupita kawaida, msuli wake hunenepa kwa kazi ya ziada, na neva zilizokwisha kuanza kuumia huufanya ushtukeshtuke bila kuamriwa. Ndipo huja haja ya ghafla isiyosubiri, safari za usiku na kuvuja kabla ya kufika mlangoni. Kinachowatatiza matabibu ni kwamba mwanamke wa hatua hii na yule wa hatua ya mwisho huweza kuketi kwenye benchi moja na kutoa lalamiko lilelile, kwamba wanavuja. Mmoja anavuja kwa sababu kibofu chake kinajikaza bila ruhusa, mwingine kwa sababu chake kimejaa pomoni na kinamwaga ziada. Dawa inayomfaa wa kwanza inaweza kumdhuru wa pili, na kwa kuwauliza maswali peke yake huwezi kuwatofautisha kwa uhakika, kwa kuwa wa pili hana hisia ya kumwambia kwamba hajamaliza.

Kabla ya kufika hapo nilipitia kituo kingine, ambacho nacho sitakitaja, ambako kila dalili ya mkojo ilijibiwa kwa antibiotiki, na antibiotiki ziliposhindwa nikaandikiwa oxybutynin. Hakuna aliyeniwekea kifaa cha altrasaundi tumboni. Oxybutynin, sawa na tolterodine na solifenacin za jamii yake, huzuia ujumbe wa neva zinazokikaza kibofu. Kwa mwanamke ambaye kibofu chake kinashtuka ni dawa yenye msaada, ingawa hukausha mdomo na kuleta choo kigumu, lakini kwa ambaye kibofu chake kimekwisha kulegea humzidishia kilekile alichokuwa nacho. Mdomo mkavu wenyewe si jambo la kupuuza kwa mwenye kisukari, kwani humfanya anywe kila mara, na akinywa chenye sukari anarudi alikoanzia.

Kliniki hii huanza kazi kabla mgonjwa hajafika. Pamoja na barua ya miadi hutumwa fomu ya siku 3, ambayo unaandika kila unachokunywa, kila unapokwenda haja ndogo na kiasi ulichotoa kwa kupima kwenye jagi, kila ulipovuja, na ukali wa haja uliyoihisi. Karatasi hiyo imefikiriwa vizuri kuliko nyingi za hospitali: maandishi yake ni makubwa, neema kwa macho yaliyoguswa na kisukari, na ina safu ya kuandika sukari ya damu pembeni ya kila siku. Safu hiyo ndiyo iliyonivutia. Mwanamke anayetoa zaidi ya lita 3 za mkojo kwa siku huku sukari yake ikiwa juu huenda hana ugonjwa wowote wa kibofu bado, na tiba yake ya kwanza ni kuishusha sukari. Anayetoa kiasi cha kawaida lakini kwa vijisehemu vya mililita 80 kila mara ana tatizo jingine. Na anayekwenda msalani mara 3 tu kutwa nzima, kila mara akijaza jagi, naye ana lake, tena huyu ndiye ambaye kwingine huambiwa yuko salama.

Siku ya kwanza muuguzi huomba dawa zote zitolewe mkobani na kuwekwa mezani, zikiwemo zile zilizoandikwa na kliniki nyingine na zile ulizojinunulia mwenyewe. Alipoifikia amitriptyline, ambayo nilipewa kwa ajili ya nyayo zinazowaka moto usiku, aliitenga kando na kusema, "Mama, hii ya miguu inagusa na kibofu pia." Sikuwahi kuambiwa hivyo. Amitriptyline hutuliza maumivu ya neva, lakini ina tabia ileile ya kuzuia ujumbe unaokikaza kibofu, hivyo mwanamke ambaye kisukari kimemharibu neva za miguu na za kibofu kwa pamoja anaweza kutibiwa miguu kwa gharama ya kibofu. Daktari wa kliniki hakuniachisha siku hiyo. Alimwandikia daktari wangu wa kisukari ili tuipunguze taratibu na kutafuta mbadala, na huo ndio utaratibu sahihi. Alizitazama vilevile dawa za kundi la empagliflozin, dapagliflozin na canagliflozin, ambazo hufanya kazi kwa kuitoa sukari kupitia mkojo. Dawa hizo huongeza wingi wa mkojo na huongeza fangasi sehemu za siri, lakini pia huulinda moyo na figo, hivyo mgonjwa hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe eti kwa sababu amechoka kwenda msalani.

Kisha huja kipimo chenyewe. Chumba kina kiti cha choo chenye faneli chini yake, na chini ya faneli kuna chombo kinachoupima mkojo kadiri unavyoingia na kuchora mstari kwenye karatasi. Unaingia kibofu kikiwa kimejaa vya kutosha, kwa sababu mkojo ukiwa chini ya mililita 150 mstari hauaminiki, na muuguzi hutoka nje na kufunga mlango. Nasisitiza kufunga mlango kwa kuwa mwanamke akisimamiwa hawezi kukojoa kama anavyokojoa kwake, na kipimo kinachofanywa kwa kusimamiwa hupima aibu zaidi ya kibofu. Mstari wa mwanamke mwenye kibofu kizima hupanda mara moja, hufika kilele cha mililita 20 au zaidi kwa sekunde, kisha hushuka. Wangu ulikuwa safu ya vilima vifupi, kila kimoja kikiwa ni pumzi moja ya kusukuma kwa tumbo.

Baada ya hapo, bila kuchelewa, kwa kuwa figo haziachi kuleta mkojo mpya, nililala kitandani, jeli ya baridi ikapakwa juu kidogo ya mfupa wa kinena, na kifaa kikapitishwa. Kilichobaki kilizidi mililita 300, ilhali nilikuwa nimenyanyuka chooni nikiwa sihisi haja yoyote. Muuguzi hakushtuka wala hakunitisha. Aliniomba nirudi chooni, nikae kwa utulivu na kujaribu tena, akapima upya, akaandika namba zote mbili, kisha akaeleza kwamba kipimo cha siku moja hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani, kwa mfano, huhesabu mkojo unaobaki kuwa tatizo sugu pale unapozidi mililita 300 kwa muda wa miezi 6 au zaidi na kuthibitishwa kwa vipimo viwili tofauti. Alitaja pia udhaifu wa mashine ndogo ya kushika mkononi: kwa mwanamke mwenye mafuta mengi tumboni, mwenye uvimbe wa maji kwenye ovari au aliyejifungua karibuni, inaweza kusoma namba isiyo ya kweli, na hapo hutumika altrasaundi ya kawaida. Ni nadra kukutana na mhudumu anayeeleza kasoro ya chombo anachokitumia, na kwangu hilo liliongeza imani badala ya kuipunguza.

Kipimo kikubwa zaidi, kile cha kuingiza mirija myembamba na kupima msukumo ndani ya kibofu wakati kinajazwa maji na kinapotoa, hawampeleki kila mtu. Wanakihifadhi kwa wale ambao picha yao haieleweki au wanaofikiriwa kufanyiwa upasuaji. Naona wako sahihi, kwani kipimo hicho hakipendezi na chenyewe kinaweza kuleta maambukizi.

Jambo ambalo sikulitarajia katika kliniki ya kibofu ni kukaguliwa miguu. Daktari aligusisha uzi mwembamba wa plastiki, ule wa gramu 10, kwenye nyayo zangu na kuniuliza ni wapi nauhisi, akaweka chuma kinachotetemeka kwenye kidole gumba cha mguu, kisha kwa kijiti akapima hisia za ngozi inayozunguka sehemu za siri na njia ya haja kubwa, kwa sababu eneo hilo hutumikiwa na pingili zilezile za uti wa mgongo zinazokitumikia kibofu. Neva ndefu za miguuni kwa kawaida ndizo hutangulia kuonyesha madhara ya kisukari, na mwanamke ambaye nyayo zake zimekwisha kufa ganzi ana sababu zaidi ya kupimwa kibofu hata kama halalamiki. Aliagiza pia kiwango cha vitamini B12, kwani metformin, dawa ya kushusha sukari, ikitumika kwa miaka mingi inaweza kuishusha, na upungufu wake huharibu neva kwa namna inayofanana sana na kisukari, tofauti ikiwa kwamba huo unatibika kwa vidonge au sindano. Mgonjwa ambaye ganzi yake husingiziwa kisukari huku B12 yake ikiwa chini anaonewa.

Upande wa maambukizi, kliniki ina msimamo ambao baadhi ya wagonjwa hukasirika nao, nami nautetea. Wanawake wenye kisukari wana bakteria kwenye mkojo mara nyingi zaidi kuliko wengine, na wengi wao hawaumwi chochote. Mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani uliotolewa mwaka 2019 unasema wazi kwamba mwenye kisukari asiye na dalili hatakiwi kutafutiwa wala kutibiwa bakteria hao, kwa kuwa antibiotiki haziwaletei nafuu yoyote na huzalisha vijidudu sugu. Kliniki inaufuata. Haichukui mkojo wa kuotesha kila ziara, na ukienda na karatasi ya maabara inayosema una bakteria huku huna maumivu, homa wala kuungua, utarudishwa nyumbani bila dawa. Ila mwenye homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni haambiwi asubiri miadi. Maambukizi yaliyopanda kwenye figo kwa mwenye kisukari yanaweza kuwa mabaya kwa haraka, na kuna aina ambayo bakteria hutengeneza gesi ndani ya figo au ukuta wa kibofu, ambayo wengi wa wanaopatwa nayo ni wenye kisukari. Kwa waliokoma hedhi na wanaopata maambukizi ya kurudiarudia, daktari hupendekeza krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, tiba inayopunguza marudio hayo na ambayo sijui kwa nini haitajwi zaidi.

Maelekezo ya kuishi na kibofu kizito ni mepesi, na yanatolewa kwa mdomo na kwa karatasi. Usingoje hisia, nenda kwa saa, kila baada ya saa 3 au 4. Keti kikamilifu, miguu ikikanyaga chini, kwa sababu anayening'inia juu ya choo bila kukigusa hukaza misuli ileile ambayo inapaswa kulegea. Ukimaliza, subiri kidogo, inama mbele, jaribu tena. Usikikandamize kibofu kwa mikono ili kukimaliza, kwani msukumo huo unaweza kuurudisha mkojo juu kuelekea figo. Punguza vinywaji saa chache kabla ya kulala, lakini usijinyime maji mchana.

Hapo ndipo nilipoanza kupunguza alama. Baada ya kazi yote ile ya kutofautisha vibofu, wagonjwa tulikusanywa katika darasa moja la mazoezi ya sakafu ya nyonga, yaani misuli inayokishikilia kibofu kutoka chini, yale yaliyoenezwa na daktari Arnold Kegel kuanzia mwaka 1948, na sote tukafundishwa kukaza. Mwanamke anayevuja akikohoa au akicheka hufaidika sana na mazoezi hayo, na yule mwenye haja ya ghafla hufaidika pia, kwani kukaza kwa wakati kunaweza kuituliza haja. Lakini mwanamke asiyeweza kumaliza mkojo kwanza anahitaji kujifunza kulegeza, na kumfundisha kukaza tu bila kumpima misuli yake ni kurudia kosa lilelile ambalo kliniki inajivunia kuliepuka kwenye dawa. Nilipouliza, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikubali na kunipangia saa ya peke yangu. Vizuri. Ila asiyeuliza anabaki darasani akikaza.

Ikiwa kuna chumba kimoja ambacho ningependa kila hospitali iige, ni kile cha kufundishia kujitoa mkojo kwa mpira. Wengi wetu tukisikia neno katheta tunauona ule mpira wa kudumu wenye mfuko unaoning'inia kitandani, na hofu hutushika. Huu ni mwembamba, mfupi, unaingizwa, mkojo unatoka, unatolewa, basi. Daktari Jack Lapides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipoieleza njia hii mwaka 1972, kilichowashangaza wengi ni kwamba haikudai vifaa vilivyochemshwa wala glavu za upasuaji, bali mikono safi tu. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kinachovutwa kupita kiasi hupungukiwa damu kwenye ukuta wake na kushindwa kupambana na vijidudu, hivyo kukitoa mkojo mara kwa mara kuna faida kubwa kuliko kuogopa vijidudu vichache vinavyoingia na mpira.

Muuguzi anayefundisha hana haraka. Mara ya kwanza hutumia kioo kidogo kilichosimamishwa katikati ya miguu, akimwonyesha mwanamke tundu la mkojo lilivyo juu ya tundu la uke, jambo ambalo wanawake wengi wazima hawajawahi kuonyeshwa na mtu yeyote. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa kama sentimita 4 tu, hivyo mpira haukai njiani muda mrefu. Ukisukumwa kidogo mkojo unaanza, unasukumwa sentimita moja au mbili zaidi, unangojwa umalizike, kisha unavutwa polepole ili kilichojikusanya chini nacho kitoke. Ukikosea tundu ukaingia ukeni, anashauri uuache hapohapo kama alama na uchukue mwingine mpya wa kuingiza juu yake, ushauri mdogo unaookoa mwanamke na kuchanganyikiwa. Lengo ni kibofu kisizidi takriban mililita 400 hadi 500 kabla ya kutolewa, na anayetegemea mpira kabisa hujitoa mara 4 hadi 6 kwa siku, ilhali ambaye bado anakojoa kiasi huweza kupangiwa mara moja au mbili.

Kilichonifanya niwape alama za juu hapa ni kwamba kioo kina kikomo, nao wanakijua. Kisukari hudhuru macho na hukausha hisia za ncha za vidole, na mwanamke mzee mwenye vyote viwili hawezi kufundishwa kwa kuangalia. Kwake muuguzi hufundisha kwa kugusa, kidole kimoja kikiwa alama kwenye mlango wa uke na mpira ukipitishwa juu yake, na huchagua mipira yenye kishikio kigumu kwa vidole visivyoshika vizuri. Ambaye hata hivyo hawezi, hufundishwa mtu wa nyumbani kwake, kwa ridhaa yake na si kwa urahisi wa hospitali. Lawama yangu ni kwenye mipira yenyewe: unapewa ya kuanzia, kisha unaachwa ujitafutie, na hakuna anayekupa karatasi yenye ukubwa na aina uliyofundishiwa. Mwanamke anayefika dukani akauziwa mpira wa kiume, ambao ni mrefu mara kadhaa, hatadhurika kwa urefu huo, lakini atasumbuka kuushika usiguse kila kitu, na wengine huacha hapohapo.

Kuhusu dawa na tiba kubwa sina mengi. Kwa wale ambao mkojo unaobaki ni mdogo na tatizo ni haja ya ghafla, daktari huanza na mirabegron, inayoulegeza msuli wa kibofu kwa njia nyingine, au mojawapo ya zile za jamii ya oxybutynin, akizingatia shinikizo la damu kwa ya kwanza, na umri pamoja na kumbukumbu kwa za pili, kisha mgonjwa hupimwa tena mkojo unaobaki baada ya kuanza. Sindano za botulinum, dawa inayoulegeza msuli, ndani ya ukuta wa kibofu zinapatikana, na huelezwa kwa uwazi kwamba mwenye kisukari yuko katika hatari zaidi ya kushindwa kukojoa baada yake, hivyo hapewi mtu asiyekuwa tayari kutumia mpira. Kifaa cha kuamsha neva za sakramu, kilichoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya mkojo wa haja ya ghafla, na miaka miwili baadaye kwa wasiomaliza mkojo bila kuwa na kizuizi, hutajwa kama njia ya wachache ambao mengine yameshindikana. Sijakihitaji, kwa hiyo sikitolei hukumu.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni kwamba imejitenga na kliniki ya kisukari kana kwamba kibofu na sukari ni wagonjwa wawili. Barua zinaandikwa, nimeshalisema hilo, lakini hakuna mtu wa kisukari anayekaa chumba kimoja na watu wa kibofu, wala mgonjwa haelezwi kwa namba kwa nini sukari yake inahusika. Namba zipo. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kati ya mwaka 1983 na 1993 kwa watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa ukali kulipunguza madhara ya neva kwa takriban asilimia 60. Katika utafiti mwingine wa Marekani, wa watu waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari aina ya pili, wanawake waliopunguza uzito na kufanya mazoezi walioripoti kuvuja kila wiki walikuwa takriban asilimia 38, ikilinganishwa na takriban 48 kwa waliopewa metformin na 46 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mgonjwa anastahili kuyasikia haya pamoja na upande wake mchungu, kwamba neva iliyokwisha kuharibika kwa miaka si rahisi kurudi ilivyokuwa, na kwamba udhibiti mzuri unalinda zaidi kilichobaki kuliko kurudisha kilichopotea. Niliyapata kwingine, ilhali kliniki ya kibofu ndiyo yenye mgonjwa aliye tayari kuyasikiliza.

Ukumbi wa kusubiri una kasoro ambayo ingechekesha isingekuwa hapo: msalani ni mbali, mwisho wa korido, nyuma ya milango miwili mizito, na wanaosubiri ni wanawake waliotumwa hapo kwa sababu hawawezi kungoja. Pedi hutolewa ukiomba kwa sauti dirishani, mbele ya watu. Tumelalamika kwa maandishi, na kwa haki niseme kikapu cha pedi kimewekwa tangu hapo ndani ya chumba cha kipimo, ingawa msala haujasogea.

Na kuna swali ambalo halimo katika fomu zao zote ndefu. Neva zinazokitumikia kibofu zinatumikia pia hisia za tendo la ndoa, na mwanamke ambaye kibofu chake kimekufa ganzi mara nyingi ana ukavu, maumivu, au kutohisi kitu, pamoja na hofu ya kuvuja akiwa na mwenzake. Wanaume wenye kisukari huulizwa habari za nguvu zao mapema na bila kificho. Sisi tuliulizwa tunakunywa vikombe vingapi vya maji. Nilipolitaja mwenyewe, daktari alinisikiliza vizuri, akanipa rufaa na akaniandikia krimu, hivyo ujuzi wanao. Nimewaandikia kupendekeza mstari mmoja uongezwe kwenye fomu ya siku 3, chini ya safu ya sukari, na msimamizi wa kliniki amejibu kwamba fomu mpya zitakapochapishwa utakuwemo.